Karatasi ilisema figo ni nzima

Juzi usiku dada mmoja wa Kasulu alinitumia picha ya majibu yake ya maabara. Mimba ya wiki 31, presha 150 kwa 100. Chini ameandika: "Dada, wamesema figo ni nzima, mbona sina amani?" Nikatazama kreatinini, ile taka ya damu ambayo figo huitoa na hupanda figo zikilegea: 84. Usingizi ukaniruka.

Nami niliambiwa hivyohivyo. Mimba yangu ya kwanza, hapa Ujiji, wiki ya 14 kreatinini ilikuwa 44. Wiki ya 32 miguu ikavimba hadi kandambili haziingii, uso nao ukaumuka. Shangazi akasema huyo ni mtoto wa kiume. Kliniki wakakuta presha iko juu na protini kwenye mkojo. Damu ikaleta 88. Aliyesoma karatasi akaangalia pembeni palipoandikwa 53 hadi 97, akaniambia, "Mama, uko sawa." Nikarudi nyumbani.

Hiyo 53 hadi 97 ni ya mtu asiye na mimba! Figo za mjamzito huchuja damu zaidi, karibu nusu tena ya kawaida yake, ndiyo maana kreatinini hushuka. 88 yangu ilikuwa mara mbili ya 44. Namba zote mbili nilikuwa nazo mkobani, na hakuna aliyeziweka pamoja.

Siku ya nne kichwa kikaniuma kama kinapasuliwa, macho yakaona vimulimuli, mkojo ukawa haba. Nafika wodini, kreatinini 190. Nikachomwa magnesiamu ya kuzuia kifafa cha mimba, nesi akipima mkojo wangu na kunigonga goti usiku kucha, kwa sababu dawa ile hutolewa na figo. Figo zikishindwa, hujaa mwilini: goti likigongwa haliruki tena, mwisho pumzi hukatika. Mwanangu alitolewa kwa upasuaji, kilo 1.7. Ana miaka minne, na mimi bado inaniuma.

Akina mama, ombeni kreatinini mapema, muiandike kwenye kadi. Presha ikipanda, ombeni tena, mlinganishe na ile yenu ya mwanzo. Kichwa kikiuma msimeze diklofenaki, inaumiza figo. Na mkiambiwa "kawaida", ulizeni: kawaida ya nani? Ulizeni! Msione haya.

Yule dada hakuwahi kupimwa mwanzoni. Nilimwambia asingoje kuche, aende na kadi, amwonyeshe daktari hiyo 84. Alfajiri akanijibu: amelazwa, damu imechukuliwa tena, mama mkwe yuko naye.