Gredi 1, mwezi mzima na daftari liko karibu tupu? Soma hii kabla ulipe tuisheni

Mama, swali lako nimeliona. Mtoto ako Gredi 1 huko Nyamasaria, Mei yote imeisha, daftari la hesabu liko na kurasa nne, la mazingira ni picha ya jua na wingu basi, alafu jirani anakutisha ati bila tuisheni ya jioni atabaki nyuma. Mimi nafundisha madarasa ya chini hapa Kisumu tangu kabla huu mtaala wa umilisi, yaani CBC, uingie 2019, kwa hivyo wacha nikuambie vile mwezi huenda huku ndani ya klasi, uamuzi ni wako.

Kwanza kipindi cha Gredi 1 ni dakika 30. Toa hapo kugawa vitabu, huyu anataka choo, yule ameibiwa kifutio, ukibaki na ishirini umshukuru Mungu. Hizo ishirini ukiwaambia waandike tu, watanakili ubao vizuri sana na hakuna kitu kitaingia kichwani.

Muda mwingi unakulwa na kusoma. Kiswahili tunaanza na sauti, na wiki nzima inaweza kuisha kwa sauti mbili tatu pekee. Tuseme ni m: wanaitamka, wanaitafuta kwa majina yao, wanaiandika hewani na kidole, ndio sasa inaunganishwa, ma me mi mo mu, mwishowe mama, mimi, moto. Ukiangalia daftari utaona mstari mmoja wa m na utasema mwalimu alikuwa amelala. Lakini mtoto akishashika hiyo kuunganisha, anasoma neno hajawahi kuliona maishani, hata lile limeandikwa kwa matatu. Sasa Kiingereza hakitaki hiyo njia, anakutana na come anasoma kome, na wewe unamcheka. Usimcheke, ametumia akili, ni vile hayo maneno mengine lazima ayazoee kwa macho, ayaone kwa kadi tena na tena. Na kugeuza b iwe d kwa mtoto wa miaka sita ni kawaida kabisa, asichapiwe hiyo.

Lugha ya mama sisi ni Dholuo, shule zingine za mjini zenye makabila mengi hutumia Kiswahili. Hapo ni sigana, yaani hadithi, na nyimbo, Apwoyo yule sungura mjanja amedanganya nani tena, na wale watoto Waluhya na Wakisii wa klasi yangu hucheka pale pale wenzao wanacheka, kwa hivyo hata hicho kipindi hakipotei.

Hesabu ndio wazazi hunisumbua nayo zaidi. Mpe mtoto vizibo vya soda, mwambie 13 ongeza 5. Kuna mwenye atahesabu vyote upya, moja, mbili, tatu, mpaka afike 18, akikatizwa kidogo anarudi mwanzo. Kuna mwingine ataweka mkono juu ya zile 13, aseme kumi na tatu, alafu aendelee, kumi na nne, kumi na tano. Kwa daftari hawa wawili wameandika 18 na wote wamepata tiki, lakini huyo wa pili ako mbali sana, na kumtoa mtoto pale kwa wa kwanza mpaka kwa wa pili kunaweza kula mwezi mzima wa vizibo na vijiti bila kuandika chochote. Ndio hizo kurasa zako nne, mama.

Pesa pia tunafanyia kwa duka la kuchezea, pakiti tupu za majani na sabuni mnazotuletea ni za hapo. Sarafu mpya wanazijua kwa wanyama: twiga ni shilingi moja, kifaru tano, simba kumi, ndovu ishirini. Shida huja na zile za zamani zenye kichwa cha rais, wengine wanakataa kabisa ati hiyo si pesa!

Mazingira ile picha ya jua na wingu si mchezo. Asubuhi wanatoka nje wanaangalia mbingu, saa sita tena, wanachora kwa chati, na kwa mji huu wenye asubuhi ni jua kali na jioni ni radi, mtoto anaanza kuona mwenyewe kuna mtindo fulani. Usafi na lishe siku hizi vimewekwa humo humo, kwa hivyo ule mtungi wa lita tano wa kunawia mikono, wa kukanyaga kijiti, unahesabika ni somo. Na tafadhali tukiwaambia mlete picha za vyakula msikimbie saiba kulipa kuchapishiwa, kateni gazeti nzee. Hiyo ni gharama mnajitafutia bure.

Dini ni maombi, uumbaji na kupendana, hiyo inaenda tu vizuri. Sanaa na michezo ni kuruka kamba, kuimba, na kufinyanga ng'ombe na ule udongo mweusi wa upande wa Kano, ndio maana sare inarudi hivyo. Vidole vyenye vimefinyanga huja kushika penseli vizuri, kwa hivyo vumilia kufua.

Ripoti ikija usitafute namba. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho, ni ngazi nne: amezidi matarajio, amefikia, anakaribia, ama ako chini.

Sasa tuisheni. Ya likizo sheria ya elimu ya msingi ya 2013 imekataza, ya jioni mimi binafsi kwa Gredi 1 singelipa, mtoto ameamka saa kumi na mbili, jioni amechoka. Jaribu hivi: mtume dukani na simba mbili, umwulize chenji ni ngapi kabla aiweke mezani. Akikaa jikoni asome pakiti ya chumvi. Akikwama sauti zile zile wiki baada ya wiki, nenda na daftari lake umwone mwalimu wake saa ya breki, usiandike kwa grupu ya wazazi, huko utapewa namba za walimu wa tuisheni tu.