Kurudisha egzosi ya kiwandani kwenye Boxer

Ndugu, umeuliza kama ukiitoa hiyo egzosi ya kelele na kurudisha ya kiwandani pikipiki yako, Boxer ya 150, itapoteza nguvu. Haitapoteza. Nilifunga kama hiyo mwaka mzima: nilichopata ni kelele, na mlimani nikiwa na abiria ilikuwa nzito kuliko mwanzo.

Kama ile ya zamani uliiuza na unatafuta iliyotumika, itikise kabla hujalipa. Ikigongagonga ndani ujue vizuizi vya sauti vimeoza kwa kutu. Hiyo itapiga kelele vilevile.

Nunua gasketi mpya ya shingoni, pale egzosi inapoungana na injini; usirudishie iliyokwisha kubanwa. Kwenye kufunga ndipo mafundi wengi wanakosea: wanakaza bolti ya nyuma kwanza, bomba linakaa upande, moshi unavuja kwenye silinda hedi. Shika nati zote kwa mkono kwanza. Kisha kaza mbili za mbele kwa zamu, kidogokidogo, ya nyuma iwe ya mwisho. Washa injini ikiwa bado baridi usikilize shingoni. Ukisikia "pf, pf, pf", inavuja.

Halafu, fundi alikubadilishia jeti ya kabureta (kile kitundu kinachopitisha mafuta) alipofunga ile egzosi ya kelele? Kama ndiyo, rudisha ya zamani, la sivyo itakunywa mafuta. Tembea siku mbili, fungua plagi: kahawia ni sawa, nyeusi yenye masizi bado mafuta ni mengi.

Na majirani watalala, hasa wewe unayetoka kijiweni saa nane usiku.