Kwa nini chini mawe, juu mbao?

Ndugu, uliyeuliza kwa nini The George, nyumba ya wageni ya kale huko Norton St Philip, Somerset, Uingereza, chini ni mawe na juu mbao: si fundi kuishiwa mawe. Ni kazi ya nyakati mbili. Watawa wa monasteri ya Hinton Priory waliijenga karne ya 14, wafanyabiashara wa sufu waliokuja mnadani wapate pa kulala. Karne iliyofuata zikaongezwa ghorofa mbili za fremu ya mbao, kila moja ikichomoza mbele ya iliyo chini yake. Hapo ndipo uzuri wake ulipo, kwangu mimi. Samuel Pepys, Mwingereza maarufu kwa shajara yake, alikula hapo 1668, akaandika kwamba chakula kilikuwa kizuri sana: shilingi 10. Jeshi la Duke wa Monmouth, aliyemwasi Mfalme James II, nalo lilipita 1685.