Aya ya 5 niliyoiruka

Swali la juma hili limeuliza: je, kuporomoka kwa maadili tunakokuona ni kutimia kwa unabii wa Biblia? Limenigusa penyewe, maana kwa miaka mingi nilikuwa nikijibu "ndiyo" kabla mtu hajamaliza kuuliza. Leo naona kuna swali linalotangulia hilo: manabii walikuwa wakisema na nani?

Mara nyingi walisema na watu wa nyumbani, watu wa ibada. Amosi, mchungaji wa Tekoa, alikwenda kuwakemea Waisraeli enzi za Yeroboamu wa Pili, karne ya 8 kabla ya Kristo, nchi imeneemeka na sadaka hazikauki. Aliwaona wafanyabiashara wanaongoja Sabato iishe ili wapunguze kipimo na kuuza hata takataka za ngano. Sura ya 8, isomeni. Ezekieli naye alipoitaja dhambi ya Sodoma (16:49) alianza na kiburi, shibe na starehe, huku maskini hapewi mkono. Aya inayofuata inataja machukizo pia, sifichi. Lakini sisi huanzia hapo na kuishia hapo hapo.

Hili nililipata kwa aibu. Jioni moja, kwenye ibada ya nyumbani, nilipewa zamu ya kufundisha 2 Timotheo 3, zile "nyakati za hatari". Nilijiandaa haswa. Nilichukua karatasi nikaigawa katikati kwa rula: kushoto dalili, kulia mifano. Wenye kupenda fedha, wenye kujisifu, wasiotii wazazi wao, wasio na shukrani. Kila dalili niliitafutia watu wake: vijana, wanasiasa, waimbaji, wanawake wasiojisitiri. Watu waliitikia "amina", nami nikazidi kupandisha sauti.

Palikuwa na mama mmoja mjane, macho yamefifia, amepakata Biblia iliyofungwa uzi kwa kuwa jalada lilishaachia. Nilipomaliza aliomba nimsomee aya ya 5. Nikasoma: "wenye mfano wa utauwa, lakini wakikana nguvu zake," yaani wenye sura ya uchaji Mungu kwa nje tu. Akaniuliza taratibu, "Hao, mwanangu, umewaandika wapi?"

Nikatazama karatasi. Upande wa kulia, mbele ya aya ya 5, hapakuwa na neno. Sikuwa nimeisahau. Niliiruka kwa sababu sikupata mtu wa nje wa kumbandika.

Kisha akatoa shukrani, kama tulivyozoea mwisho wa ibada. Alisema alikuwa ameugua wiki 3, na anamshukuru Mungu kwa kijana wa jirani aliyemletea chakula kila jioni. Hakulalamika hata kidogo. Tulikuwa watu 9 pale, na hakuna aliyejua kwamba aliugua. Kijana mwenyewe kanisani haonekani. Nusu saa kabla nilikuwa nimemsema kwenye wasiotii wazazi, bila jina, ila kila mtu alimjua.

Tangu hapo Mathayo 24:12 naisoma kwa woga: "upendo wa wengi utapoa." Hapoi ila aliyewahi kuwa na moto.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba unabii haukutolewa tuipimie jamii, basi. Hata Mhubiri 7:10 ingenisaidia, maana inakataza kuuliza kwa nini siku za kale zilikuwa njema kuliko hizi. Lakini siwezi kuishia hapo nikabaki mkweli. Mizani ya Amosi bado inachezewa, wazee wanatelekezwa, uongo unasifiwa kuwa ni ujanja. Kwa hiyo mkinibana: ndiyo, unatimia. Ila sisemi kizazi hiki kimewazidi wote. Paulo alimwambia Timotheo mwenyewe ajiepushe na watu wa namna hiyo, kwa hiyo walikuwapo tayari. Wala sisemi mlango umefungwa. Mji wa Ninawi ulipewa siku 40, ukatubu, kuanzia mfalme hadi wanyama wakavikwa magunia, na maangamizi aliyoyatangaza nabii Yona hayakuja.

Yona akakasirika. Hasira hiyo naijua, ndiyo niliyorudi nayo nyumbani jioni ile, karatasi yangu mfukoni, na zilipita siku 2 kabla sijaweza kwenda kumwona yule mama.