Ordinatere ya mutoto wa Polytechnique
Mama, juu umesema mutoto anaingia Polytechnique ya UNILU (Université de Lubumbashi) kusomea injeniere sivil, na uko na dola 500 za kumuuzia ordinatere, iyo MacBook (ordinatere ya Apple) yenye banakushauri achana nayo. Ni masini muzuri kabisa ila Revit na SolidWorks, programu zenye bainjeniere banachoraka nazo, ni za Windows, atakuya kuhangaika wakati benzake banachora.

Mi ningechukua okazio: ThinkPad ya Lenovo seri T ao P, Latitude ya Dell, ao ZBook ya HP, zile zilitumikaka mu mabiro, ziko nguvu. RAM (memoari ya kufanyia kazi) iwe 16 GB, ao 8 lakini uulize kama inaongezeka, juu zingine RAM imechomewa ndani na hapo auna tena la kufanya. Disiki ni SSD (ya mbio), ya HDD (ya zamani, ya polepole) ukatae ata bakikupunguzia bei. Kadi grafiki ya peke yake (dédiée) ni muzuri kwa 3D, lakini mwaka wa kwanza ni hesabu na fizikia tu, isikusumbue kichwa.

Kitu batu banasahau njo kuran. Zile za kucheza michezo adapta yake inaweza kuvuta wati 180 na kupita, betri inaisha mbiombio, na delestaji ya hapa Lubumbashi unaijua mwenyewe. Yenye kuchaji na USB-C wati 65, ata pano ndogo ya jua na onduleri yake inaweza kuibeba. Mbele ya kulipa fungua Command Prompt ya Windows (dirisha ya kuandikia amri), andika powercfg /batteryreport, na mu fayilo yenye itatoka utaona betri imechoka namna gani. Na programu za Autodesk (benye kutengeneza Revit) mwanafunzi anapewaka bure, asiende kutafuta za kuiba zenye virusi.