Maswali ya wasomaji: Soprano aliyeshika mikro

SWALI. Ndugu wahariri, kuna soprano mmoja (mwanamke wa sauti ya juu) wa opera niliyempenda miaka mingi. Nikimweka, makala ya mbabula yanaisha bila mimi kujua. Sasa ametoa albamu ya pop: sauti ndogo, iko chini, kama mtu anayenong'ona sokoni. Mimi naimba soprano katika korali ya parokia na najiona nimeibiwa. Sauti yake imeisha, ama ni pesa tu? Vijana wetu nao wanataka kuimba na bendi. Tuwaruhusu?
Mama wa korali, Katuba, Lubumbashi

JIBU. Mama, kwanza tuambie unamsikilizia wapi. Ikiwa ni kwa spika ya simu, sehemu ya huzuni yako inatoka humo. Spika ile hutoa kidogo sana chini ya mitetemo 300 hivi kwa sekunde. Katika opera, soprano hukaa sana kati ya noti la ya 440 na do ya juu, yenye mitetemo 1046, na simu inazipitisha noti hizo vizuri. Katika pop anaweza kushuka oktavu nzima, yaani kutoka do hadi do ya chini yake. Nyama ya sauti inabaki palepale ambapo simu haifiki, wewe unapata mifupa. Vaa ekuteri, usikilize upya kabla ya kuhukumu.

Mbona ashuke? Kwa ajili ya mikro. Jumba la opera halina mikro, na sauti moja inapaswa kuipita okestra nzima. Nguvu kubwa ya okestra iko karibu na mitetemo 500. Ikifika 3000 imepungua sana. Wanaume na wanawake wa sauti nzito hujifunza kushusha zoloto (kisanduku cha sauti kooni) na kukusanya nguvu hapo kwenye 3000. Soprano akipanda juu hufungua kinywa kulingana na noti, hata "i" na "u" zinaanza kufanana na "a". Ndiyo maana maneno yake ya juu kabisa hayasikiki hata kwa anayejua Kiitaliano. Pop inataka maneno, kwa hiyo inashuka hadi kimo cha mazungumzo, na mikro ndiyo inayobeba mzigo.

Soprano Renée Fleming wa Marekani alifanya hivyo mwaka 2010 katika albamu ya Dark Hope: nyimbo za roki, chini kabisa, hata aliyemzoea angeuliza ni nani. Mwaka 2017 alikuwa kwenye Metropolitan Opera, New York, akiimba nafasi ya Marschallin katika Der Rosenkavalier, opera ya Strauss. Sauti haikuwa imekwenda popote. Soprano Montserrat Caballé wa Hispania alichagua njia nyingine alipoimba wimbo Barcelona na Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, mwaka 1987: alibaki na sauti yake ya opera, mwenzake na ya roki. Kwa masikio yetu wimbo ule unasimama kwa sababu hiyo. Kinachoudhi ni katikati, wimbo mwepesi uliovishwa vibrato nene (kule kuyumba kwa noti juu na chini) kila neno.

Pesa ipo, hatukatai.

Kujua kama sauti imechoka, usipime kwa albamu ya pop, maana huko pumzi huachwa isikike makusudi. Tafuta opera aliyoimba mwaka huohuo, usikilize noti ndefu. Vibrato yenye afya huzunguka mara 5 hadi 7 kwa sekunde. Ikiwa ya polepole na pana, kiasi cha kuweza kuihesabu kwa kidole, hapo una haki ya kuhuzunika.

Vijana waruhusuni. Hata Missa Luba, misa ya kuimbwa iliyoanzia hapo Kamina mwaka 1958, ilikuwa Kilatini kilichoingizwa katika uimbaji wa kwetu, na leo hakuna anayeiita usaliti.

Lakini wafundishwe mikro. Wengi huishika sentimita 5 kutoka mdomoni, halafu wanapiga noti ya juu kwa nguvu ya kanisani, na spika inakwaruza. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu hupungua desibeli 6 hivi. Maneno ya chini yaimbwe kwa sentimita 5, noti kubwa kwa 20 hadi 30. Wajue pia kwamba mikro nyingi za jukwaani zikikaribiwa huongeza besi, kwa hiyo sauti itaonekana nene kuliko ilivyo.

Hatari yenyewe ni sauti ya kifua, ile nzito ya kuongea. Kwa soprano hupenda kugeuka kuwa sauti nyepesi karibu na mi au fa iliyo juu ya do ya kati. Msichana akiilazimisha hadi la au do, shingo inakaza, na Jumapili asubuhi noti nyepesi za juu hazitoki. Mpiga gita ashushe wimbo toni moja na nusu au mbili. Akikataa kwa sababu vidole vyake vimezoea, alegeze nyuzi za gita kwa kiasi hicho. Mazoezi ya korali yatangulie, sauti ikiwa mbichi, kisha pop kwa dakika 20 na pumziko la dakika 10. Jumamosi usiku pop ya nguvu isiwepo.

Kipimo cha asubuhi: kuteleza na "u" ndogo sana kutoka chini hadi juu. Ikikatika katikati au ikianza na pumzi tupu, siku hiyo ni ya kunyamaza. Miezi ya kiangazi, vumbi likiwa limejaa, hilo hutokea hata kwa asiyeimba. Maji mara kwa mara na mvuke wa maji moto husaidia. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 2, aende kwa daktari wa masikio, pua na koo.