Funza na soya badala ya dagaa kwa vifaranga wa sato: majibu yangu

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuacha dagaa kabisa kwenye chakula cha vifaranga wa sato ukaweka funza na soya, maana dagaa bei haishikiki. Mimi natotolesha sato hapa Mwanza, na jibu langu ni hili: dagaa wapunguze, ila wiki za mwanzo usiwaondoe wote.

Kifaranga mchanga anahitaji chakula chenye protini asilimia 40 hadi 45. Lakini namba hiyo peke yake haitoshi. Damu ya machinjioni ikikaushwa inapita asilimia 80, ila haina methionini na isolusini ya kutosha, ambazo ni vijenzi vya protini (amino asidi). Ukiitegemea sana samaki wanadumaa. Soya nayo ina upungufu wa methionini. Dagaa ndiye anayeziba pengo hilo, na ladha yake inawafanya vifaranga wachangamkie chakula.

Tatizo la dagaa ni mchanga. Kabla hujalipa, chota unga wake kidogo, tia kwenye glasi ya maji, koroga, subiri. Kinachotuama chini kwa haraka ndicho ulichotaka kuuziwa kwa bei ya protini. Mimi nachukua waliokaushwa kwenye vichanja tu, na nanunua wakati wa giza, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri na bei inapanda.

Funza wa nzi askari weusi, hao mnaowaita BSF, ni wazuri kweli. Wakikaushwa wana protini kama asilimia 40 na kitu. Shida ni mafuta, yanaweza kufika asilimia 30. Ukisaga bila kuyakamua, unga unaganda kama ugoro uliolowa, chekeche linaziba, na baada ya muda chakula kinachacha. Kamua kwanza, hata kwa mashine ndogo ya alizeti. Funza hao walishe machicha na mabaki ya sokoni, usiwafuge kwenye taka za dampo, kwani madini mazito yanaingia mwilini mwao.

Soya mbichi usimpe samaki hata siku moja. Ina vizuizi vinavyozuia protini isimeng'enywe. Kaanga mpaka ukitafuna punje usisikie ule ubichi wa maharage. Mashudu ya pamba huku Kanda ya Ziwa ni bei poa, najua yanashawishi, ila yana gosipoli, ambayo ni sumu ya asili ya pamba, na lisini yake, kijenzi kingine cha protini, ni kidogo. Waachie samaki wakubwa, tena kwa kiasi.

Mchanganyiko wangu wa kilo 100: dagaa 30, mashudu ya soya 35, funza waliokaushwa 20, pumba laini za mahindi 12, vitamini na madini 3. Ukipiga hesabu unapata protini kama asilimia 42. Wakishafika gramu kumi hivi nashusha dagaa hadi nusu ya hapo, maana protini ya asilimia 30 hadi 35 inawatosha.

Saga, kisha pitisha kwenye chekeche la unga wa uji. Mdomo wa kifaranga ni mdogo mno, chembe kubwa zinazama na kuoza tu. Wape kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku.

Kama ni kambale, usifuate vipimo hivi. Wao wanataka protini itokanayo na wanyama kwa wingi zaidi, na wakikosa shibe wanakulana.